Mpunga Uliolala Juu ya Maji

Kila asubuhi Delphine Bellanger alivaa soksi nzito, kwa sababu sakafu ya nyumba ya bibi yake ilikuwa baridi hata mwezi wa Juni, kisha akatoka kupampu maji. Ndoo ikijaa aliiingiza jikoni, akala uji wa mpunga uliotiwa sukari ya utomvu wa mti, akaosha vyombo. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya. Bibi Verna alipanda gari lake kuukuu kwenda kuwapikia wazee kwenye ukumbi wa kijiji, na nyumba ikabaki na mlio wa saa ya ukutani.

Delphine alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa amekulia mjini Duluth, katika chumba kimoja juu ya duka la viatu, yeye na mama yake. Barafu ilipoanza kuyeyuka mwaka ule, mama yake alipata kazi ya upishi kwenye meli inayobeba mawe ya chuma katika yale maziwa makubwa. Meli hizo hazipumziki mpaka barafu irudi. Ndiyo maana Delphine aliletwa kwa bibi yake, kwa watu wake Waojibwe, wenyeji asilia wa Amerika, kando ya ziwa ambalo mama yake aliogelea utotoni lakini yeye alilijua kwa sikukuu tu.

Watoto wa pale hawakuwa wabaya. Tatizo ni kwamba walijuana tangu wakitambaa, na utani wao ulianzia kwenye mambo ambayo Delphine hakuwapo yalipotokea. Mchana walipokula pamoja ukumbini, Wesley, mjukuu wa mwenyekiti wa kamati inayosimamia uvunaji wa mpunga ziwani, alimwita Mama Meli na kumwuliza leo ametia nanga wapi. Wengine walicheka. Delphine naye alicheka kidogo, kisha akaenda na sahani yake mwisho wa meza.

Nyumbani kwa bibi hapakuwa na mtandao wa simu. Vilima na misonobari vilikuwa vimeizunguka nyumba pande zote, na Bibi Verna mwenyewe hakuwa na simu ya aina yoyote. Alisema anayemtaka anaujua mlango wake. Lakini siku moja Delphine alikwenda kuvua samaki kwa mashua ndogo ya bibi yenye injini, na alipofika karibu na rasi ya mawe, ng'ambo ya ziwa, simu ikaanza kulia mfukoni. Ujumbe wa sauti wa mama yake uliingia mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa ameimba, amecheka, ameeleza jinsi sufuria zinavyoteleza jikoni wimbi likipiga. Mwisho alisema atapiga kila jioni meli ikiwa karibu na nchi kavu.

Tangu siku hiyo Delphine akawa na safari.

Njia za kufika kwenye rasi zilikuwa mbili. Moja ilizunguka kwenye kina na ilikuwa ndefu. Nyingine ilikatiza katikati ya ghuba, na ghuba yote ilikuwa ya mpunga. Si mpunga wa kulima kwa jembe. Huu hujipanda wenyewe majini kila mwaka, na watu wa pale wameula tangu enzi za mababu. Bibi Verna alimwonyesha Delphine mapema. Majani membamba ya kijani yalikuwa yamelala juu ya maji kama utepe, yakifuata upepo.

"Mwezi huu mpunga umelala," alisema. "Haujapata nguvu ya kusimama, na mizizi yake bado haijashika tope vizuri. Ukipita na injini unaung'oa. Hata wimbi la nyuma ya mashua linaung'oa. Wewe zunguka kwenye kina, sawa mjukuu wangu?"

Delphine aliitikia, na siku za mwanzo alizunguka. Kisha jioni moja upepo ulimchelewesha. Alipofika kwenye rasi alikuta mama amepiga, amemkosa, ameacha sauti tu: wanaondoka sasa, atajaribu tena wakifika upande wa pili, alale salama. Delphine aliisikiliza sauti ile mpaka mashua ikasukumwa na upepo na mtandao ukakatika. Kesho yake alikatiza ghuba.

Haikuonekana kama amefanya kosa. Majani yalijifunga nyuma yake kama mlango. Aliwahi, mama akapiga, wakaongea mpaka jua likashuka. Basi akapita tena, na tena. Mara nyingine majani yalijisokota kwenye mapanga ya injini, akalazimika kuinua mashine na kuyatoa kwa mkono. Jioni moja aliona kwamba hayakuwa majani matupu. Yalikuwa miche mizima, na mizizi yake myeupe ilikuwa bado na tope. Aliitazama kiganjani. Akajiambia kwamba ghuba kubwa namna ile haiwezi kuona pengo la miche michache, akaitupa.

Bibi, aliyedhani anakwenda kuvua, alipouliza mbona samaki hawaonekani, Delphine alijibu kwamba siku hizi hawali chambo.

Julai ilipofika, mpunga ulisimama. Ghuba ikawa shamba la kijani, mabua yakichomoza hadi kupita kiuno cha mtu. Hapo ndipo kila mmoja alipoona. Katikati palikuwa na maji matupu, mapana kama barabara kuu, na kando ya hiyo barabara mabua yalikuwa machache, yamesimama kwa kuachana. Ufukweni upepo ulikuwa umerundika majani yaliyooza. Leroy, mwenyekiti wa kamati, alikuja na mtumbwi, akatazama kwa muda mrefu, akageuza kurudi.

Maneno yalisemwa ukumbini. Mtu mwenye injini kubwa ni nani, kama si mzee Orville Goodwin? Aliishi peke yake pale kwenye rasi ya mawe. Tangu mkewe afariki hakufika tena ukumbini, na mtu asiyefika ukumbini ndiye husemwa ukumbini. Wesley aliwaambia wenzake mezani kwamba yule mzee amefanya makusudi, kwa kuwa ana hasira na watu. Delphine alikuwa na kijiko mkononi. Alikirudisha kwenye sahani.

Kamati ilimwita Orville. Alikuja amevaa shati safi, akasikiliza. Leroy alimwambia kwamba msimu huu asiingie ziwani kuvuna. Orville aliuliza kama kuna aliyemwona akipita kwenye mpunga. Leroy alirudia tu uamuzi wa kamati. Akavaa kofia yake, akatoka.

Siku zilizofuata Delphine hakwenda kwenye rasi. Simu ilikaa kimya juu ya kabati. Usingizi ulimpaa, na mchana alikaa kwenye ngazi za nyumba akitazama ghuba ile yenye kovu. Hapo zamani alidhani hakuna upweke kama wa kukaa bila mtu wa kuzungumza naye. Sasa alijua upo mwingine, wa kukaa na neno ambalo huwezi kumwambia mtu.

Jioni moja, wakiosha vyombo, Bibi Verna alisema kwamba Orville alivuna ziwa lile kabla Leroy hajajua kutembea, na kwamba hakumbuki mwaka ambao mpunga ulivunwa bila yeye. Hakuwa akimsema mtu. Alikuwa akifuta sahani tu. Delphine alijikuta analia.

"Ni mimi, Bibi," alisema. "Nilikuwa napita katikati. Nilikuwa nawahi simu ya Mama."

Bibi Verna aliweka sahani chini. Uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu anayepiga hesabu ya jioni zote zile. Hatimaye akasema, "Kweli umenidanganya, na hilo tutaliongea. Lakini si mimi uliyeniumiza zaidi. Vaa koti. Injini iache. Chukua kasia."

Walizunguka kwa njia ya kina, bibi mbele na mjukuu nyuma. Orville alikuwa amekaa kwenye gati lake. Delphine alisimama mbele yake na kumweleza yote, bila kuficha hata ile miche aliyoishika mkononi. Mzee alimwacha amalize.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakuona kila siku."

Delphine hakuelewa. Aliuliza kwa nini basi hakuwaambia kamati.

"Sauti husafiri juu ya maji, binti. Nilikuwa nakusikia ukiongea na mama yako. Na ukikata simu, nilikuwa nasikia pia ulivyokaa pale bila kuondoka." Alivua kofia, akaikunjakunja. "Nilisema moyoni, mtoto huyu siendi kumsemea, atasema mwenyewe. Lakini nami nilikosea. Siku ya kwanza tu ningekuita, nikakuambia kuna kinjia msituni kutoka nyuma ya kwenu hadi hapa, na kwamba mtandao unashika hata kwenye kiti hiki. Nilikuwa nimewanunia watu wote, nikakununia na wewe."

Bibi Verna alisema kwamba kama ni kununa, Orville anastahili zawadi. Mzee alicheka kidogo, na Delphine akahisi kwamba kicheko hicho kilikuwa hakijatumika siku nyingi.

Kesho yake Delphine alisimama ukumbini mbele ya kamati. Alisema yote. Leroy alimsikiliza, kisha akamgeukia Orville, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwomba radhi mbele ya watu wote na kumfutia lile katazo la kuvuna. Kwa Delphine aliamua kwamba hatagusa injini mpaka mwaka mwingine, na kwamba atafanya kazi ya mpunga msimu mzima kama mtu mzima. Mchana ule, Delphine alipopita na sahani yake kuelekea mwisho wa meza, Wesley alimwambia, "Mama Meli, hapa pana nafasi," akasogea.

Mpunga huvunwa na watu wawili katika mtumbwi mmoja, na Orville hakuwa na mwenzake tangu mkewe afariki. Alimwomba Delphine awe mwenzake. Mwezi wa Agosti alimwonyesha maua. Yale ya juu kwenye bua ni ya kike, na hufunguka kwanza. Ya kiume huning'inia chini yake, na hufunguka baadaye, ili chavua yao isiangukie dada zao wa bua moja bali ichukuliwe na upepo hadi kwa jirani. Alimpa punje mkononi aone mkia wake mrefu na vinyweleo vyake vikali. Punje ikianguka, alisema, mkia huiweka wima, ncha inatangulia, nayo inajichimbia topeni kama msumari.

Septemba kamati ilipofungua ziwa, Orville aliweka tumbaku kidogo majini, kama ilivyo desturi yao ya kushukuru kabla ya kuvuna, akasimama nyuma ya mtumbwi akisukuma kwa upondo. Delphine alikaa mbele na fimbo mbili nyepesi za mwerezi. Kwa moja aliinamisha mabua juu ya mtumbwi, kwa nyingine akayapigapiga taratibu. Punje zilizoiva ziliwadondokea miguuni. Ambazo hazijaiva zilibaki, na nyingine nyingi ziliruka nje zikazama.

Jioni Orville alimpimia fungu lake gunia moja. Kwa wiki nzima Delphine alikuwa amepanga kumwekea mama yake mpunga wake wa kwanza. Alilitazama gunia, akauliza kama mbegu zinaweza kumwagwa pale kwenye maji matupu. Orville alisema zinaweza, ila leo hii, zikiwa bado mbichi, kwa sababu mbegu ya mpunga huu ikikauka inakufa. Akamwonya kwamba ni gunia zima la kazi yake, na kwamba bata watakula nyingi. Delphine alisema bado anataka. Walirudi ghubani, akazimwaga kwa viganja mpaka gunia likabaki na vumbi.

Januari meli ilitia nanga, mama akaja. Aliusikia mkasa wote kutoka kwa Delphine mwenyewe, akamkumbatia, akamkanya, akamkumbatia tena. Walilala kitanda kimoja majira yote ya baridi, huku ziwa likiwa limefunikwa na barafu. Orville alisema baridi ile ndiyo inayozifundisha mbegu kuota, na kwamba bila hiyo hazifunguki kamwe. Kisha barafu ikayeyuka, mama akarudi melini, na kitanda kikawa kipana tena.

Mwezi wa Juni Bibi Verna alimwita Delphine kwenye mtumbwi. Walipiga kasia polepole ukingoni mwa ghuba, wakasimama mahali pa kuona lile kovu. Maji yake hayakuwa matupu tena. Majani machache membamba yalikuwa yamelala juu yake, hapa moja, pale mawili. Delphine alitaka kujua kama ni mbegu zake.

"Huenda ni zako," Bibi alisema. "Huenda ni za miaka ya nyuma. Mpunga huu una akili, hauoteshi mbegu zote mwaka mmoja. Nyingine hulala topeni miaka mingi, ili mwaka mbaya ukija usimalize ukoo wote." Akalaza kasia magotini. "Sikiliza, mjukuu wangu. Ulikosea ukiwa peke yako, ukadhani kosa nalo litakaa peke yake. Halikukaa. Lilifika kwa Orville, ambaye hakukufanyia lolote. Uongo ndivyo ulivyo, humtafuta mtu wa kumwangukia. Lakini ulisimama ukasema, na ulichoharibu ukakilipia kwa jasho lako, na ndiyo maana leo unaweza kuja hapa na kutazama bila kuinamisha kichwa. Na jambo la pili ni letu sote, mimi wa kwanza. Mche ambao haujashika mizizi hung'olewa na wimbi dogo tu. Ulikuja kwangu ukiwa hivyo, nami sikukuuliza hata siku moja unaumwa na nini. Sasa nakuuliza. Na wewe ukiumia, sema mapema."

Delphine alisema kwamba leo anaumia kidogo, kwa sababu ya Mama. Bibi Verna hakumwambia anyamaze. Alisogea, akampa nafasi ubaoni karibu naye, wakakaa hivyo juu ya maji mpaka njaa ilipowarudisha nyumbani.