Cheche ya Thelathini na Moja

Haya yalimpata rafiki yangu Salvatory, mwalimu wa hesabu, pale Ifakara mwaka 1996. Alikuwa ametengeneza mchezo wa kuchoma mabua ya mpunga kwenye kompyuta chakavu aliyoazimwa na Sadallah, mwenye duka. Kwa kuwa mashine ilikuwa nzito kufanya kazi, aliruhusu cheche thelathini tu kwa wakati mmoja. Iliyozimika ilitumika tena badala ya kuundwa mpya. Alasiri moja Sadallah alikuja kuuona mchezo; kama ungekwama, angeichukua mashine yake.

Ulikwama. Namba iliyohesabu cheche ilisomeka thelathini na moja.

“Sadallah, umegusa programu yangu?”

“Mwalimu, acha hizo! Mimi hata kuiwasha naogopa.”

Salvatory hakumwamini. Alifuta cheche zote, akauanzisha mchezo upya. Namba, ambayo ingepaswa kuwa sifuri, ilisomeka moja. Cheche moja ilivuka skrini, ikikwamakwama.

Ndipo umeme ulipokatika. Feni ya mashine ilivuma, ikafifia, ikanyamaza. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mvua, hivyo chumba kikawa giza.

“Mwalimu,” Sadallah alinong’ona, “si umeme umekatika?”

Kwenye kioo cheusi cheche ile iliendelea kusogea, na safari hii haikukwama hata kidogo.