Mtungi wa Nne

Jua lilikuwa limekwisha kugusa mapaa ya mabati ya Geita, na Mzee Swaleh alikuwa ameinama akitafuta kandambili zake za kwendea msikitini, pale gari la Maganga liliposimama mbele ya duka la gesi. Duka lilikuwa ghala refu, mitungi imepangwa kwa safu na kufungwa minyororo: myeusi ya oksijeni mkono wa kulia, ya asetilini yenye rangi ya damu ya mzee mkono wa kushoto, na katikati njia nyembamba ya muuzaji.

Maganga, mwenye maduara matatu, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, alikuwa mtu wa aina ile inayowasalimia wenzake kwa kuwatazama viatu. Alikuwa mnene, na pua yake ilipiga mluzi mwembamba kila alipovuta pumzi, hata kipofu angalitambua kuwa yumo chumbani. Shikamoo yake aliitoa kwa kuchelewa, kama mtu anayetoa sadaka kwa sababu ameonwa.

Alitaka seti nzima ya kukatia chuma: mtungi wa oksijeni, mtungi wa asetilini, geji, mipira na tochi ya kukatia kwa moto. Kulikuwa na bamba la chuma, alisema, lililochomelewa juu ya mdomo wa duara lake la zamani. Alitaka likatwe.

Swaleh aliitikia marahaba, akatazama ng'ambo ya barabara.

Huko ng'ambo, chini ya turubai, Apolonia, mama lishe, alikuwa akifunika sahani ya ugali kwa sahani nyingine. Alifanya hivyo kila jioni. Mwanawe wa pekee, Donatus, aliingia katika duara hilohilo mwaka uliopita pamoja na wenzake watatu, na Maganga aliwatangazia watu kwamba vijana hao wanne walikata tamaa, wakatoroka alfajiri kwenda Chato kuvua samaki. Apolonia alikwenda Chato mara mbili. Aliuliza mwalo kwa mwalo. Hakuna aliyewaona. Hitaji lake lilikuwa dogo, na alimwambia Swaleh siku moja bila kutoa chozi: akiwa hai amwone, akiwa amekufa amzike.

Swaleh alikuwa amesoma elimu ya dini miaka kumi kule Tabora kabla ya kurithi biashara ya gesi, na katika miaka hiyo alijifunza kupima watu kwa visa vya waliotangulia. Karun, yule tajiri wa kale, alimezwa na ardhi pamoja na hazina zake. Maganga, kwa mawazo ya Swaleh, alikuwa kiumbe duni kuliko Karun, kwa sababu yeye ardhi ilimeza wenziwe na yeye akabaki juu akijipepea.

Hata hivyo duka ni duka. Swaleh alinawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akafunga geji. Alimweleza sharti ambalo kila fundi hulijua kabla ya kujua jina la mke wa bosi wake.

"Oksijeni haipatani na mafuta," alisema. "Mkono wenye mafuta usiguse valvu, usiguse geji, usiguse tochi. Itakuunguza, wala haitauliza wewe ni tajiri wa wapi."

Kisha akapaka povu la sabuni shingoni mwa mtungi. Mtungi unaovuja hutoa mapovu. Povu lilitulia kama maziwa. Mtungi ulikuwa mzima, tena umejaa.

Maganga akaupakia, akaondoka na dereva wake, George, mtu mzima mpole aliyependa kutafuna muwa.

Jioni ya pili akarudi. Mtungi ulikuwa mtupu.

Alilalamika kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Ulilala juu ya bamba, hakuna aliyeugusa, na asubuhi mshale wa geji ulikuwa umelala kwenye sifuri. Fundi aliyemkodi aliutazama mshale, akamtazama yeye, akakusanya vifaa vyake na kuondoka bila kuaga. Swaleh alipaka povu tena. Hakuna kilichovuja. Akampa mtungi wa pili, akashuhudia mwenyewe mshale ukisimama juu kabisa.

Jioni ya tatu, Maganga alikuwa mlangoni kabla ya adhana.

Mtupu.

Safari hii hakulalamika. Mluzi wa pua yake ulikuwa umepanda. Swaleh alimpa wa tatu, na alipokuwa akiufunga mnyororo garini, George alimsogelea na kumnong'oneza.

"Mzee, mimi mitungi hii sikai nayo tena. Jana niliuegemea ule wa pili. Unavuta."

"Unavuta nini?"

"Pumzi. Kama mtu aliyetoka kupiga mbizi."

Swaleh alimtazama, kisha akamwambia asome dua na aendeshe polepole. Ila usiku ule hakula vizuri.

Jioni ya nne Maganga aliingia akinuka.

Ilikuwa harufu ya mafuta ya mkia wa kondoo, yaliyochanganywa na mizizi na kitu kingine kikali, kama nywele zilizoungua. Alikuwa amejipaka kichwa, shingo, mikono hadi kwenye kucha. Shati lilikuwa limeloa mgongoni. Alieleza kwamba mganga mmoja mashuhuri amemkinga. Asioge siku saba, na kitu cha chini ya bamba hakitampata. Mtu ambaye miezi michache nyuma alikuwa akiwacheka wachimbaji wake kwa kufunga hirizi kiunoni, sasa alikuwa aking'aa kama sufuria ya mama lishe.

Swaleh alikuwa akiutazama mtungi uliorudishwa. Mtupu, geji kwenye sifuri. Alichukua brashi, akapaka povu juu ya valvu kwa mazoea tu.

Povu likainuka.

Likasimama, bonge moja, kubwa kama yai la bata.

Kisha likashuka... likanyonywa ndani... hata valvu ikabaki kavu.

Likainuka tena.

Valvu ilikuwa imefungwa. Mtungi ulikuwa mtupu. Na povu lilikuwa likipanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala baada ya kazi ndefu. Swaleh alikumbuka jinsi Adamu alivyokuwa udongo mkavu, hana thamani, mpaka alipopulizwa roho. Na alijua, kwa ujuzi usiohitaji shahidi, kwamba mtungi huu ulikuwa umeazimwa na watu waliokuwa na haja kubwa ya pumzi.

Aliweka brashi chini.

"Maganga," alisema. "Walikuwa wanne?"

Mluzi ukakatika. Kisha ukaanza upya.

"Wanne."

"Hawakwenda Chato."

Hapo Maganga alinong'ona yote, macho yake yakiwa sakafuni kwenye kandambili za mzee. Ukuta wa duara uliporomoka. Mpira wa kupeleka hewa chini ulikatika. Wakaguzi walikuwa wanatarajiwa asubuhi ile, na wangefunga machimbo yote. Alikuwa na bamba. Alikuwa na fundi, ambaye tangu hapo amehama mkoa. Hakukuwa na namna nyingine, alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba kuhurumiwa kwa mzigo aliowatwika wengine. Na sasa wanagonga. Kila jua linapozama, wanagonga chini ya chuma. Walinzi wamekimbia. Anataka kufungua, aonyeshe hakuna kitu, ayamalize.

"Ulipofunika," Swaleh aliuliza, "walikuwa wanagonga pia?"

Maganga akaziba masikio kwa mikono yake yenye mafuta.

Dharau ina joto lake, na Swaleh aliihisi ikimpanda kifuani kama homa. Hakumpiga. Hakumtemea mate. Alivuka barabara, akakaa kwenye benchi la Apolonia, akamwambia.

Mwanamke yule alisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ukiwa juu ya sahani iliyofunikwa. Hakulia. Alijifunga kibwebwe cha kanga, akauliza jambo moja tu, akimwita Swaleh kwa jina la bintiye.

"Baba Zakia, utaenda kumfungua?"

"Tutaenda kesho. Sote."

Siku iliyofuata waliondoka alasiri, George akiendesha, mtungi wa nne, mpya na uliojaa, umefungwa nyuma, Apolonia ameketi pembeni yake na kiganja chake juu ya chuma. Mshale haukuteremka hata nukta moja. Walifika jua likiwa jekundu juu ya vilima vya kifusi. Machimbo yalikuwa kimya. Hapakuwa na karasha la kusagia mawe wala redio, wala mbwa.

Na chini ya bamba...

Ko.

Ko, ko.

Apolonia akapiga magoti, akaweka sikio. "Mayu yuko hapa, mama yako," alisema, kwa sauti ambayo mama hutumia kumwamsha mtoto asiyetaka kwenda shule. Kugonga kukakoma.

Swaleh alinawa mikono, akafunga geji na mipira, akahakiki kila kiungo. Kisha akamgeukia Maganga, akamwekea ndoo ya maji na kipande cha sabuni.

"Oga. Vua hilo shati."

"Mganga amesema siku saba."

"Nimekwambia duka langu linauza nini. Oga."

Maganga aliitazama sabuni kama mtu aliyetupiwa mfupa. Mafuta yalitiririka na jasho lake hadi viwikoni. Kukinga ngozi yake na wafu kulikuwa muhimu kuliko maneno ya muuza gesi. Aliomba, akabembeleza kwamba Swaleh akate yeye. Apolonia naye alimtazama mzee kwa macho ya kuomba hilohilo.

Swaleh angeweza. Mikono yake ilikuwa safi, na kazi aliijua tangu ujanani. Lakini alimtazama yule kiumbe anayenuka kondoo, na moyo wake ukasema neno ambalo baadaye hakupenda kulikumbuka.

"Wewe uliamuru lifungwe," alisema. "Lifungue." Akampa tochi.

Alikuwa amemwonya mara tatu. Aliyeonya mara tatu amemaliza wajibu wake. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Asetilini iliwaka kwanza, moto wa manjano wenye masizi. Oksijeni ikaingia, moto ukawa mwembamba, wa buluu, unaovuma. Maganga aliinama juu ya ukingo wa bamba. Chuma kikawa chekundu, kikawa cheupe, cheche zikaruka. Alikata shibiri moja. Mbili.

Ncha ya moto ikatoboa.

Kutoka chini ukaja upepo. Ulikuwa baridi, safi, mtamu puani kama hewa ya alfajiri baada ya mvua. Mitungi mitatu ya pumzi, iliyokaa gizani ikisubiri.

Moto ukarefuka. Ukawa mweupe.

Ukapanda mikononi mwa Maganga kama maji yanavyopanda utambi, ukala mafuta, ukala shati, na kabla George hajashika koleo la mchanga, Maganga alikuwa amesimama ndani ya mwanga, kimya, mdomo wazi, bila pumzi ya kupigia kelele. Kutoka shimoni ikasikika sauti ndefu, ya watu wengi pamoja.

"Aaaah..."

Kama watu waliotua mzigo.

Walimrushia mchanga. Walimfunika turubai. Swaleh alikimbilia mtungi, akafunga valvu kwa nguvu, na mshale wa geji ulikuwa katikati. Nyuma yake mluzi wa pua ulilia mara moja, ukakatika. Na hapo, mbele ya macho yake, valvu ikiwa imefungwa kabisa, mshale ukaruka.

Ukasimama juu kabisa. Umejaa.

Polisi walikuja, na wataalamu wao walieleza kwa ufasaha: valvu tatu mbovu, gesi nzito iliyozama shimoni, mtu aliyelowa mafuta. Swaleh aliafiki kila neno. Mifupa ya watu wanne ilitolewa. Donatus alitambuliwa kwa kijiko cha bati alichokwenda nacho, chenye tundu kwenye mpini, na Apolonia akamzika kwa ibada kamili, akaacha kufunika sahani. Uso wake ulipata utulivu ambao Swaleh hakuwahi kuuona.

Mtungi wa nne ulirudishwa dukani. Swaleh hakuuuza. Aliusimamisha nyuma kabisa ya safu, akaufunga mnyororo wake peke yake.

Siku ya saba, karibu na magharibi, alipaka povu.

Likainuka. Likashuka. Safari hii halikuwa na utulivu wa mtu aliyelala. Lilipanda kwa kukurupuka, pumzi nzito ya mtu mnene anayepanda ngazi, na katika kila mvuto chuma kilitoa sauti nyembamba sana.

Mluzi.

Swaleh alifuta povu kwa kitambaa. Kisha, kutoka ndani ya mtungi, taratibu, kama mtu asiye na hakika kama ana haki ya kusumbua...

Ko.

Ko, ko.

Apolonia alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai aliyomletea. Alisikia. Alisikiliza kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama alivyosikiliza siku ile juu ya bamba.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ni yeye."

"Mfungulie, Baba Zakia."

Swaleh alimtazama kwa mshangao ulioelekea kuwa hasira. Mwanamke huyu, kuliko wote. Alitaka kumweleza juu ya Karun, na juu ya wanaolipwa sawasawa na walichotenda, na elimu yote ya miaka kumi ilikuwa tayari ulimini. Spana ya valvu ilikuwa mkononi mwake.

Ko, ko, ko.

"Kesho," alisema.

Akaitundika spana kwenye msumari, akavaa kandambili zake, akaenda kusali. Jioni iliyofuata alisema hivyohivyo. Na iliyofuata. Apolonia haji tena na chai. Na Mzee Swaleh, kila jua linapogusa mapaa ya mabati, hupandisha sauti ya redio mapema kidogo kuliko jana.