Mpelelezi na Fundi wa Lifti

"Usigeuze kwanza, nimebakiza mistari miwili."

Sauti ilitoka nyuma ya sikio lake. Muuza miwani akageuka na macho makali. Foleni ya vitambulisho ilikuwa imejikunja mara tatu ndani ya ukumbi, watu wamebanana, feni moja inazunguka kivivu, na nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu, bisibisi imechomoza mfukoni, shingo ameirefusha kwenye kitabu kisicho chake.

"Samahani kaka, hiki kitabu tumekinunua wote wawili?"

"Hapana, dada. Lakini muuaji ni yule mpishi, au siyo?"

"Nyamaza! Ukiniharibia, namwita askari."

"Basi badili aina ya vitabu. Maiti ukurasa wa kwanza, halafu unapata usingizi kweli?"

"Wewe msomi unasoma nini?"

Kijana akasita, akatazama kulia na kushoto, kisha akachomoa kitabu kifuani. Kwenye jalada mwanamume na mwanamke walikuwa wamekumbatiana machweo. Muuza miwani alicheka mpaka watu wa mbele wakageuka.

"Mwanamume mzima na ovaroli yako!"

"Mchana kutwa niko ndani ya shimo la lifti na grisi, dada. Nikitoka humo nataka watu wanaopendana. Kosa langu liko wapi?"

Mpaka namba zao zinaitwa, walikuwa wamebadilishana namba za simu na vitabu, na muuza miwani alikuwa amesahau kabisa kwamba miguu inamuuma.

Ndivyo fundi wa lifti alivyoingia kwenye kikao cha wasomaji. Kikao hicho kilikuwa kila Jumamosi alasiri kwenye saluni ya shangazi wa muuza miwani, katikati ya vikaushio na harufu ya mafuta ya nywele. Mwalimu mstaafu wa hesabu alipenda hadithi za mizimu. Muuza maua hakutaka kusikia kitu zaidi ya mashairi. Shangazi mwenyewe alipenda maisha ya watu mashuhuri, na sheria yake ilikuwa moja tu, ameibandika juu ya kioo: hapa hakipendekezwi kitabu ambacho hukukisoma mpaka ukurasa wa mwisho.

"Vitabu vya kusikia mpelekeane huko sokoni," alizoea kusema. "Mimi sitaki kupotezewa muda."

Miezi minane ikakatika. Muuza miwani alimwita kijana Fundi, na Fundi alimwita Mpelelezi. Alimpa za upelelezi, akarudishiwa za mapenzi, akajikuta anazimeza kwenye mapumziko ya mchana huku akiwaficha wenzake dukani. Jicho lake lililozoea kukagua mikwaruzo kwenye vioo liliona jambo dogo: kila kitabu cha Fundi kilikuwa na alama nyembamba ya kutu, karibu na mwisho. Akadhani ni grisi za huko kazini, akaendelea kusoma.

Mara mbili bosi wake alimpa nafasi ya kusimamia tawi jipya mji mwingine, na mara mbili aliikataa. Hakutaja sababu. Sababu ilikuwa inavaa ovaroli ya buluu na bado haijatamka neno.

Jumatatu moja Fundi alifika dukani amenyoa vizuri, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Akaweka kitabu kaunta.

"Mpelelezi, kila ninachotaka kukuambia kimo humu. Ukimaliza, tutaongea."

Alikisoma kwa siku mbili, moyo unamwenda mbio. Humo fundi wa saa anampenda mshona nguo, anatetemeka kila akimwona, anashindwa kusema. Huyu si ndiye yeye! Akafika sura ya mwisho. Fundi wa saa akaandika barua: *Usinisubiri. Nina mchumba tangu zamani. Wewe ulikuwa wa kunipunguzia upweke tu.*

Alirudia barua ile mara tatu. Kisha akavua miwani yake mwenyewe, kwa sababu ilikuwa imelowa.

Jioni simu ikalia.

"Mpelelezi wangu! Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Nimekuelewa."

"Sasa… unasemaje?"

"Nakutakia kila la heri."

"Kila la heri? Jibu ndilo hilo?"

"Ulitaka nipige vigelegele?"

Akakata. Fundi hakupiga tena, naye akalichukulia hilo kuwa ushahidi tosha. Kesho yake asubuhi aliomba fomu ya uhamisho, akaijaza kwa herufi kubwa. Ilibidi iwe mezani kwa bosi Jumatatu.

Jumamosi akaenda kuaga. Alivaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya siku nyingine, siku ambayo sasa haikuwepo, akaweka mezani vitabu vyote vya watu, kile kikiwa juu. Fundi alikuwa kwenye kiti cha kuoshea nywele, macho yamemwingia ndani, naye amekuja na mfuko wa vitabu vya kurudisha. Hawakusalimiana. Shangazi aliwatazama mmoja baada ya mwingine, chanuo mkononi, akanyanyua kile kitabu cha juu.

"Hiki alikipendekeza nani?"

"Mimi, Shangazi," Fundi akajibu, sauti imekwaruza.

"Haya, wasimulie wenzako. Mwanzo mpaka mwisho, kama kawaida yetu."

"Ni fundi wa saa… anampenda mshona nguo, hawezi kusema. Anateseka sana. Halafu mwishoni…" akameza mate, "mwishoni anasema. Wanaoana."

Muuza miwani akainua kichwa. "Wanafanya nini?"

"Wanaoana," alisema Fundi bila kumtazama. Jasho likaanza kumtoka. "Halafu… wanapata mapacha."

Chanuo likamponyoka Shangazi.

"Mapacha?" Muuza miwani alishasimama. "Mapacha gani, Fundi? Hebu niambie, kitabu hiki kina sura ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Zipo ishirini!"

Muuza miwani akakifunua kitabu mwishoni, na ile alama ya kutu ikamkodolea macho. Ilikuwa pale pale sura ya ishirini inapoanzia. "Na hii je?"

Fundi akajifunika uso. "Kibanio cha karatasi. Huwa naibana sura ya mwisho nisije nikateleza nikaisoma, kisha nakitoa kabla ya kuazimisha. Nikiwa kidato cha pili bibi harusi alinifia ukurasa wa mwisho kabisa. Nililia wiki nzima, kaka zangu wananicheka mpaka leo. Tangu hapo nawaacha watu wangu wangali wanapendana. Shangazi, nisamehe, niliiona sheria, nikaogopa kufukuzwa."

"Isome," alisema muuza miwani, akimsukumia kitabu. "Kwa sauti."

Akaisoma. Alipofika kwenye mchumba wa tangu zamani, akaacha kusoma.

"Mungu wangu! Huyu ni mtu huyu? Na mimi nikakwambia kila kitu kimo humu!" Akainuka, kitabu kikaanguka. "Mpelelezi, sina mchumba. Naapa, sina hata paka."

Kicheko kilimtoka pamoja na machozi, na kifua kilichombana tangu Jumatano kikafunguka, akavuta pumzi ndefu mpaka mabega yakashuka. "Yaani nimelia siku nne kwa ajili ya kibanio. Na alama yenyewe niliiona, mimi mpelelezi mzima!"

"Nilichotaka kukuambia kiko ukurasa wa—"

"Sitaki ukurasa. Sema kwa mdomo wako."

Fundi akafuta mikono kwenye suruali. "Nakupenda. Tangu ile foleni. Nataka tuoane."

Muuza maua akapiga vigelegele kabla jibu halijatoka. Muuza miwani alitoa simu mkobani. "Bosi? Samahani kukusumbua Jumamosi. Ile nafasi mpe mwingine. Ndiyo, mara ya tatu. Safari hii sababu nitakutajia."

Akaichomoa fomu mkobani, akaichana, akanyoosha kiganja kwa Fundi. "Vibanio."

Fundi akapekua mifuko yote, akamwekea saba, vyote vina kutu. Shangazi akavipokea na kuvifungia kwenye droo ya mikasi.

"Sura zote hizo za mwisho sasa nitazisoma?" Fundi aliuliza kwa woga.

"Zote, hapa hapa, mbele ya wote."

"Na mwisho wa kwetu?"

"Wa kwetu utaufikia ukiwa mzee huoni vizuri," alisema muuza miwani, akimkunjia kola ya shati ikae sawa. "Na mimi nitakuwa pembeni nakutafutia miwani."