Bakuli la Mti wa Kaburini

Apa kwanza. Weka mkono kifuani, useme hili halitatoka kinywani mwako. Umeapa? Hata mimi niliapa, shoga, tena kwa machozi. Haya, sogea nikupe.

Unamjua yule fundi wa kukereza mbao, tuliyemwita Bwana Mimi kwa jinsi anavyojisifu. Mama mkwe wake alipofariki, juu ya kaburi uliota mti ambao hakuna aliyeupanda. Ukivunja kijitawi, ndani zambarau. Mkewe akawa anakwenda kuufagilia na kuongea nao. Siku moja akakuta kisiki.

"Nikimjua aliyeukata," alilia, "awe nani, sikai naye chini ya bati moja!"

Na nani alimlaani mwizi kwa sauti kubwa kuliko wote? Si huyohuyo! "Mimi ningemkata mikono!" Mfyuu! Gogo lenyewe kalificha karakanani, chini ya gunia.

Jioni moja, watu tukiwa uani tunamfariji mkewe, yeye akajifungia humo karakanani nyuma ya nyumba. Alitaka bakuli la kuwatoa mafundi wenzake macho kwenye maonyesho. Fundi mwenye akili huuacha mti ukauke kwanza. Huyu, kwa tamaa, akaufunga mashineni mbichi vilevile.

Krrrrr...

Mti mbichi hurusha maji, hilo alilijua. Lakini haya yalimpiga usoni yakiwa na joto. Akalamba mdomo.

Chumvi.

Kisha pakanuka ugoro. Nyumba ile alivuta ugoro mtu mmoja tu, na huyo tulishamzika.

Zuzu lile likacheka. Likaingiza patasi katikati, lichimbe tumbo la bakuli.

"Taratibu, mkwe..."

Patasi ikasita.

"...hapo ndipo palipokuwa pananiuma."

Akabonyeza kitufe cha kuzima. Mashine inazunguka. Akachomoa waya ukutani. Waya anao mkononi... mashine inazunguka.

"Nyamaza, mama," akanong'ona, jasho likimtiririka. "Watu wako nje."

Mama! Mwone mnafiki huyo. Alipokuwa hai alimwita "kile kibibi".

"Wako nje?" Sauti ikapanda. "Binti yangu! Njoo umwone mumeo!"

Tuliisikia sote. Kikombe kilinitoka mkononi.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, bonge la mtu, akaupiga mlango teke ukalala chini. Tukajazana pale. Huyo hapo fundi wetu: maranda ya zambarau kichwani, patasi mkono huu, waya mkono ule, na bakuli linazunguka bila umeme.

"Mimi... mimi huu nimeununua," akabwabwaja.

"Wa nani?" shemeji akamuuliza. "Sema, wa nani?"

Akaitazama patasi yake kana kwamba ndiyo itamjibia.

Mkewe hakumtupia hata jicho. Alimpita kama anavyopita ndoo ya takataka, akaweka kiganja juu ya bakuli.

"Nimekuja, mama."

Likasimama.