Ziwa Lililosingiziwa Uvundo

Katika boma lao, kazi ya kusafisha kibuyu cha mursik ilikuwa ya Cheptanui. Ilimpasa kukisugua ndani kwa brashi ya ukindu na maji ya moto, kukianika mpaka kikauke, kisha kukipaka mkaa kabla mama hajamimina maziwa ya kugandishwa yawe mursik. Cheptanui aliichukia kazi hiyo. Mabaki ya maziwa ya zamani yalimganda vidoleni, yananuka kama kwato za mbuzi mgonjwa. Pyu!

Wiki moja alikuwa na haraka ya kwenda kuruka kamba na wenzake. Alikisuuza kibuyu kwa maji baridi, akapaka mkaa mwingi kupita kiasi. Ndani kikawa cheusi tititi. Nani angeona?

"Umesugua vizuri?" mama aliuliza.

"Nimesugua mpaka mkono unaniuma," alijibu bila kupepesa macho.

Baba alikuwa dereva wa lori katika shamba la mzungu mmoja huko Subukia. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliruhusiwa kuipeleka familia yake Nakuru kwa lori hilo kutazama ziwa. Bibi yao, ambaye wote walimwita Kogo, alipewa kiti cha mbele. Tumbo lilikuwa limemuuguza mwezi mzima nusura afe, na safari hii ilikuwa ya kumfurahisha. Kibuyu kile, sasa kimejaa mursik, alikipakata mwenyewe.

Ufuoni walikuta ndege wa rangi ya waridi wengi ajabu. Lakini harufu! Matope, mavi ya ndege na manyoya yaliyooza, vyote pamoja. Walienda kutandaza blanketi mbali kidogo, chini ya mgunga, wakafunua ugali wa wimbi na mboga ya managu. Mama akafungua kibuyu.

"Ptuu! Hili ziwa linatuandama mpaka huku!" baba alilalamika, akitema mate.

Cheptanui alijua kwamba si ziwa. Angeweza kunyamaza tu na kusema ameshiba. Lakini Kogo, ambaye pua yake ilikuwa imekufa kwa ugoro, hakusikia harufu yoyote. Alipewa kikombe cha kwanza kwa heshima, akakiinua. Juu ya maziwa, kitu cheupe kilikuwa kikijinyonganyonga.

"Kogo, usinywe!" Cheptanui alikipiga kikombe, kikaanguka nyasini. "Ziwa halina kosa! Ni kibuyu. Sikukisugua. Nilimdanganya mama."

Baba alisimama kwa hasira, lakini Kogo alimzuia. Alichukua kijiti, akachokora ndani ya kibuyu. Yakatoka mabonge ya kijani yenye ukungu, yanateleza kama kamasi, na funza wamo ndani. Cheptanui alikimbilia nyuma ya lori akatapika mpaka machozi yakamtoka.

Aliporudi, Kogo alimkalisha karibu naye.

"Mkaa ni wa kutia ladha, mjukuu wangu, si wa kufukia uchafu. Kikombe kile kingenirudisha kitandani, na pengine nisingeinuka tena. Uvivu wako ulikijaza, na uongo wako ukakitia mkononi mwangu."

Cheptanui aliinamisha kichwa.

"Lakini ungenyamaza, tungelilaumu ziwa, nami ningekunywa," Kogo aliendelea. "Umeona haya, na bado ukasema. Usafi nitakufundisha mimi mwenyewe kuanzia kesho. Ukweli umeanza kuujua leo. Usiuache tena."