Gurudumu la Mbele Lipo Mang'ula

Tuseme ukweli mapema, tusisumbuane: siku ile mjinga alikuwa Lukelo. Wengine wote sokoni Ifakara walikuwa na akili zao timamu, hata yule mbuzi aliyekuwa akitafuna kikapu cha mtu.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya duka la kamba, amevua magurudumu yote mawili ya baiskeli yake, anayafunga kwa mpira wa tyubu ili yakubalike kwenye behewa la mizigo. Haikuwa baiskeli ya kubebea mpunga. Ilikuwa ya milimani, ya gia, matairi yana meno kama mamba, aliyoachiwa na mzungu mmoja aliyekuja bondeni kuchunguza mbu. Treni ya saa nane mchana ingempeleka Makambako, na kutoka hapo Njombe, kwenye mashindano ya siku nne, kila siku na kipande chake cha milima. Tangu mvua za El Ninyo zikatike, kila alfajiri alikuwa akijikamua kwenye barabara ya Mang'ula, kwenda na kurudi, ndipo aingie kazini kwenye mashine ya kukoboa.

Maandalizi yote aliyafanya. Moja tu alilikwepa: hakumwambia Paskalina, binti wa Kingoni.

"We Mhehe! Unahama?"

Lukelo akainua kichwa. Mpenzi wake alikuwa amesimama mbele yake, kitenge cha kijani kimemkaa kiunoni, blauzi nyeupe, nywele kazisuka twende kilioni, ananukia mafuta ya nazi. Mdomo ulikuwa unatabasamu. Macho hayakuwemo.

"Nasafiri kidogo, mpenzi."

"Kidogo cha wapi?"

"Njombe. Mashindano."

"Lini?"

"Leo."

Paskalina akacheka kicheko kikavu. Akainama, akachomoa gurudumu la mbele, akalitundika begani kama mkoba wa harusini. "Basi hili langu. Mtani akitoroka, mali inabaki."

Wangoni na Wahehe ni watani tangu babu zao walipochoka kuuana. Mngoni akikamata kitu cha Mhehe, Mhehe hucheka, hutukana kidogo, kisha hukikomboa kwa maneno matamu au kwa kuku. Jambo hilo halifundishwi shuleni, mtu hulinyonya. Lakini Lukelo alikuwa na treni kichwani. Akaruka juu na kupayuka:

"Mwizi! Mwizi wa gurudumu!"

Soko likanguruma. Mwanamume mmoja, hata hajui kimeibwa nini, akaokota tofali. Mama Sikitu, muuza dagaa, akajitupa katikati.

"Weka chini! Hao watani hao, tena wapenzi! Aliyeibiwa ni huyu mwanamume, kaibiwa akili!"

Tofali likashuka. Watu wakaanza kucheka. Paskalina hakucheka. Alimtazama Lukelo kama mtu anayemtafuta mwingine aliyekuwa amesimama pale pale jana, kisha akakwea lori la mpunga lililokuwa linaondoka kwenda Mang'ula, na gurudumu lake begani.

Lukelo alizunguka kwa mafundi baiskeli wote wa mtaa wa Mlabani. Magurudumu ya baiskeli zao za Foniksi yalikuwa makubwa mno, hayakuingia kwenye uma. Akaketi kwenye kizingiti cha fundi wa mwisho. Na hapo, wala si gurudumu alilokuwa akiliwaza. Ni lile tofali. Yeye ndiye aliyeliita.

Akakimbilia posta. Opereta akamuunganisha na gesti moja ya Mang'ula, ambako mama mdogo wa Paskalina alikuwa mpishi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyetaka mtoto wetu apigwe mawe?"

"Mama, naomba niongee naye."

Sufuria zikagongana. Kisha pumzi aliyoifahamu.

"Sema."

"Paska, roho yangu..."

"Roho yako ninayo hapa jikoni. Ina spoku."

"Nisamehe, mama watoto."

"Watoto gani? Wewe unalilia gurudumu au unanililia mimi?"

"Wewe."

"Mwongo mkubwa! Miezi yote hii nakupikia uji wa karanga, nikidhani unakonda kwa mapenzi. Kumbe unajiandaa kuniacha."

"Niliogopa. Ungelia kidogo tu, nisingepanda treni."

Simu ikakwaruza. Aliporudi, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nilikuwa nakutania ili nisilie, Lukelo. Soko zima lilinitazama kama mwizi kweli."

Laini ikakatika. Lukelo akaita haloo mpaka opereta akamnyang'anya mkonga wa simu.

Stesheni, aliwakuta abiria wamelala juu ya mabegi. Treni ilikuwa imechelewa kama ada yake. Hakuulizia ya kwenda Makambako. Aliulizia ya kwenda Mang'ula. Akaambiwa kesho. Malori je? Yamekwisha. Akakaa juu ya reli ya akiba, baiskeli yenye gurudumu moja mapajani, akalia waziwazi, mwanamume mzima, mpaka mwanamke mmoja wa Kisukuma akamsogezea maji bila kuuliza msiba ni wa nani.

Jua lilikuwa limeinama treni ilipoingia ikitokea Mang'ula. Kwenye mlango wa behewa la tatu, kitenge cha kijani.

Paskalina aliruka chini, akamkabidhi gurudumu kifuani kwa nguvu.

"Funga upesi. Haisimami sana."

"Siendi."

"Usinifanye sababu!"

"Nilikuita mwizi, Paska. Nitapandaje mlima na neno hilo?"

"Utapanda nalo, likuumize. Na kuku wangu nitamdai."

Lukelo akamshika mkono, hakunyang'anywa. Filimbi ya kwanza ikalia.

"Nilitaka nishinde kwanza," akasema. "Ndipo nitume mshenga kwa baba yako Kidatu."

"Na usiposhinda?"

"Nitajaribu mwakani."

"Mwakani! Kuna karani wa mashamba ya miwa alishaleta mshenga wake Jumapili, baba kaomba muda wa kufikiri. Nimwambie afikiri mwaka mzima?"

Lukelo akamkazia macho. "Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniambia nini?"

Filimbi ya pili. Treni ikashtuka. Lukelo alitupa baiskeli na gurudumu ndani, akaning'inia mlangoni, bado kamshika vidole.

"Lakini Paska, nikiwa wa mwisho, nitamtazamaje mzee?"

Paskalina akavichomoa vidole vyake.

"Huko milimani shika mkia ukipenda. Kwetu, usifike wa pili."