Wasomaji Wawili wa Kitabu cha Makosa

Saa saba mchana, mikahawa ya chai ya mtaa wa Wan Chai haikujua habari ya meza ya mtu. Ukiona kiti kitupu unakaa, hata kama mbele yako yupo mgeni anayehangaika na tambi zake. Ndivyo Fung Chi-hang alivyojikuta akitazamana na msichana aliyevaa blauzi ya rangi ya ndizi mbivu na sketi ya buluu iliyonyooka kwa pasi. Msichana hakumtazama. Alikuwa ameshika orodha ya vyakula, ule upande wa Kiingereza wa kuwavutia watalii, na mkononi ana kalamu nyekundu.

"Samahani dada, hiyo si mali ya watu?"

"Najua. Lakini hebu soma hapa. Wanauza sabuni ya nyama ya ng'ombe."

Kweli bwana, herufi moja tu ilikuwa imegeuza supu kuwa sabuni. Chi-hang akacheka, akachomoa kalamu nyekundu mfukoni mwake na kugusa mstari wa chini. "Na hapa pamekupita. Mayai wameyaongezea herufi."

Hapo msichana akainua macho. "Hiyo kalamu umeipata wapi?"

"Nimepewa asubuhi hii. Naanza kazi ya prufu kwa Bwana Ngai, ghorofa ya tatu, jengo la pili."

"Maskini! Basi wewe ndiye utakayenisomea. Mimi Mo Suet-ling. Kunywa chai yako upesi, Bwana Ngai hana masihara."

Siku hizo, na nazililia mpaka leo, hakukuwa na mashine ya kupiga mstari chini ya neno lililokosewa. Kulikuwa na macho na masikio. Mmoja alisoma mswada kwa sauti, na mikato na nukta zake zote, mwenzake akafuata kwenye prufu, zile kurasa za majaribio za mpiga chapa, kwa ncha ya kalamu. Bwana Ngai alikuwa anatoa kitabu cha kuwaepusha wanafunzi na makosa ya Kiingereza, maana mtihani wa Kiingereza ndio uliokuwa ukiamua nani aingie ofisini na nani akauze samaki na baba yake. Kila somo lilikuwa na sentensi mbovu yenye alama ya mkasi, na chini yake sentensi nzima yenye alama ya vema. Ugumu wa kazi ulikuwa hapo: sentensi mbovu lazima ibaki mbovu.

"Yeye, herufi kubwa, wanakwenda sokoni jana, nukta," Chi-hang alisoma.

"Masikio yangu yanaumwa."

"Vumilia mpenzi, dawa iko mstari wa pili."

Neno "mpenzi" lilimtoka kwa utani, na utani ukanoga. Jioni walitembea kando ya reli ya tramu wakila njugu za moto za kuchoma, vidole vimechafuka masizi. Akifika kwao, Chi-hang alipiga simu.

"Wewe ndiye yule wa mikato?" mama yake Suet-ling aliuliza kila mara, kelele za mchezo wa vigae wa mahjong zikisikika nyuma yake. "Ling! Mkato wako huyu!"

Wakazungumza mpaka mama akadai simu yake. Walizungumzia mvua, bei ya machungwa, kikohozi cha Bwana Ngai. La moyoni Chi-hang hakuligusa hata siku moja. Kwao, baba alionyesha mapenzi kwa kukumenyea tunda, akaondoka kimya.

Kitabu kikatoka. Haukupita muda, mwalimu mmoja akapiga simu: somo la kumi na mbili lina sentensi mbili, zote sahihi! Yenye mkasi ilikuwa imenyooka kuliko hata yenye vema. Bwana Ngai akawaita wote wawili.

"Nani alikuwa anafuata prufu?"

"Mimi," alisema Suet-ling, uso umemwiva. "Na ninaomba nibadilishiwe msomaji."

Chi-hang alihisi kama amemwagiwa maji ya barafu. Kumbe anamtupia lawama! Mchana huo waliwekwa kubandika vijikaratasi vya masahihisho, nakala baada ya nakala, kila mmoja upande wake wa meza, gundi katikati. Suet-ling alifungua mdomo mara kadhaa. Chi-hang aliinamia gundi.

Kuanzia hapo Suet-ling akipiga simu, mama yake Chi-hang anatumwa kusema mwanawe ametoka. Dada mkubwa wa Chi-hang alikuwa na mkahawa ng'ambo, Toronto, akimwita kwa muda mrefu. Sasa kijana akakubali. Tiketi ikanunuliwa.

"Hakukuambia?" yule mama alimwambia Suet-ling kwenye simu, uongo umemchosha. "Anaondoka wiki ijayo, binti yangu. Nami moyo unaniuma."

Kesho yake jioni Suet-ling alimfuata mpaka ndani ya tramu, akapanda ngazi hadi ghorofa yake ya juu, akajitupa kando ya Chi-hang. Mwavuli ulikuwa unamchuruzika, nywele zimemganda shavuni.

"Hata kuniaga hujui?"

"Wewe ndiye uliyeanza kuniaga, mbele ya Bwana Ngai."

"Kichwa maji wewe! Unajua kwa nini ile sentensi ilinipita? Nilikuwa sisikii maneno tena, nasikia sauti yako. Ukisema mkato, moyo unaruka. Ningebaki pale kitabu kizima kingeharibika. Tena Bwana Ngai hataki mke na mume kwenye meza moja."

"Mke na mume? Nani alisema mke na mume?"

"Hakuna aliyesema! Si ndiyo shida yenyewe? Mchana kutwa unanisomea maneno ya watu, jioni unanipa bei ya machungwa. Ya kwako sijayasikia hata moja, na unakwenda Toronto!"

Chi-hang alitazama mvua kwenye kioo. Aliogopa kuliko siku ya mtihani. Mwishowe akakohoa, akaanza kwa Kiingereza, kama walivyofanya vijana wote wa mji ule waliokuwa na haya. Yale maneno matatu kwa lugha ya kigeni hayamwunguzi mtu ulimi.

"Si kwa lugha hiyo," Suet-ling akamkata. "Hiyo tunalipwa kuisema."

Basi akasema kwa lugha ya mama yake, vurugu tupu, bila mkato wala nukta. "Nakupenda Ling siendi Toronto tiketi nitairudisha dada atanitukana na atukane, nataka tuoane, nilikasirika kwa sababu nilidhani hunitaki, nakupenda, nimeshasema?"

"Umesema."

"Basi."

Suet-ling alifunika uso kwa viganja. Mabega yakamtikisika, asijulikane kama analia au anacheka. Kwenye kiti cha mbele mama mmoja mwenye kapu la mboga akageuka mzima mzima.

"Mjibu basi, binti. Mimi nashuka kituo kinachofuata."

"Ndiyo," Suet-ling alimwambia yule mama, machozi yanamtiririka. "Ndiyo, nakubali."